Misalaba ya Farasi wa Courvillac

Nyinyi vijana watatu wa karakana ya makumbusho kule Unguja mmeniandikia mara nne sasa, mkiniomba niziweke kumbukumbu za kazi yangu kwenye karatasi, na mara zote nne mmetumia neno "mafanikio." Haya. Nimestaafu, huu mwezi wa pili. Kwa miaka arobaini na kitu nimekaa katika chumba cha chini cha makumbusho moja ya London nikisafisha sanamu zilizotengenezwa na watu wengine, na mafanikio yangu makubwa ni kwamba vidole vyangu vyote kumi bado vipo. Habari za vyeo waulizeni waliovipata. Mimi nitawaandikia habari za farasi mmoja wa plasta na za mwanamke aliyenifundisha kazi, ambaye nilimharibia jina. Nataka mlijue jambo hilo kabla hamjashika brashi tena, maana nimeisoma ripoti mliyonitumia na nimeona mnaandika "imesafishwa yote" kwa raha mno.

Nilifika London si muda mrefu baada ya mapinduzi, nikiwa na miaka ishirini na koti la kuazima. Nilikaa Tooting kwa Ami Nassor, ndugu yake baba, juu ya duka la vitambaa la Mhindi aliyekulia Mombasa, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri na alikuwa hachoki kukisahihisha changu. Mama na wadogo zangu wawili walibaki Unguja wakingoja nipate kazi ya kudumu, ili nijaze fomu za kuwaita. Ami Nassor aliniuliza habari za fomu hizo kila tulipokaa kula, mpaka nikawa naogopa kula.

Kazi niliyoiomba ilikuwa ya kufagia. Siku ya tatu nilikuwa nikifagia karakana ya sanamu, mwanamke mmoja mrefu mwenye koti jeupe lililojaa madoa akanisimamisha.

"Unafagia vumbi kuelekea kwako," akaniambia. "Wenzako wote hulifagia kuelekea kwangu."

Kesho yake nikaambiwa nihamie kwake. Huyo ndiye Miss Pask. Alisema Kiingereza, bila shaka, hapa namfasiria. Alinitaka nimwite Doreen nami sikuweza, maana kwetu mtu aliyekufundisha kazi humwiti kwa jina tupu. Kwa hiyo miaka yote nilimwita Miss Pask, na miaka yote alikasirika.

Somo la kwanza lilikuwa mate. Alinipa kijiti kilichozungushiwa pamba nchani, akasema, "Weka mdomoni." Nilidhani ananitania kwa ugeni wangu. Akaweka cha kwake mdomoni, akakitoa, akakizungusha polepole kwenye shavu la mtoto wa marumaru, na pamba ikatoka nyeusi. Mate yana joto, akanieleza, yana nguvu kidogo ya kuyeyusha mafuta ya mikono ya watu, na hayakwaruzi. Ila usinywe chai kabla, usile pipi, usitafune kitu chochote chenye rangi, na pamba ikishagusa sanamu hairudi mdomoni. Mpaka leo, pamoja na machupa yote yaliyojaa makabatini mwetu, fundi mzuri hujaribu mate kwanza.

Nilipomweleza Ami Nassor aliweka kijiko chini.

"Hebu ngoja. Nimemwandikia mama yako kwamba mwanawe anafanya kazi kwa Waingereza. Sasa nimwandikie kwamba anatemea mate masanamu?"

"Sitemi, Ami. Napaka."

"Basi ndiyo afadhali hiyo?"

Sasa niwaeleze huyo Mfaransa, kwa sababu bila yeye haya yote yasingetokea, na sina hamu ya kumtetea. Anselme Courvillac aliishi karne ya kumi na tisa. Baba yake alikuwa fundi wa kuwavalisha farasi viatu vya chuma katika mji mdogo ambao hata Wafaransa hawaujui. Akaenda Paris akiwa na miaka kumi na mitano, akawekwa kwa fundi wa mapambo ya dari, akakaa miaka sita akitengeneza mashada ya maua ya plasta juu ya vichwa vya watu matajiri. Nadhani hapo ndipo alipoharibika tabia. Alipoanza kuchonga vya kwake alivipeleka kwenye yale maonyesho makubwa ya kila mwaka, vikakataliwa. Akavipeleka tena vilevile bila kubadilisha kitu, vikakataliwa tena, akaandika barua za matusi. Nimezisoma barua hizo. Ni ndefu na mwandiko wake ni wa taabu.

Kisha mji mmoja ukamwagiza sanamu ya jenerali wao juu ya farasi. Mtu mwingine angechonga jenerali na farasi, akapumzika. Courvillac siku hizo alikuwa ameona farasi wa mkokoteni akiteleza kwenye barafu mtaani, akianguka, akijaribu kuinuka huku mzigo ukimvuta. Akakaa miaka minne na huyo farasi. Alikwenda machinjioni kupima mifupa, akabomoa shingo mara saba, akagombana na mkewe, Bibi Hortense, mpaka bibi wa watu akahamia kwa dada yake. Wajumbe wa mji walipokuja kuangalia kazi walikuta farasi aliyeanguka, mguu mmoja wa mbele umejikita, shingo imekakamaa, jicho limetoka. Wakauliza jenerali yuko wapi. Akawajibu jenerali atapanda farasi atakapoinuka.

Farasi hakuinuka. Kazi ilichongwa kwa jiwe, kubwa, bila jenerali yeyote, ikawekwa kwenye uwanja wa mji mwingine, na vita vya baadaye vikaivunja vipandevipande. Yeye mwenyewe alikufa kwa pumu ya vumbi la plasta. Bibi Hortense alirudi, akauza nakala za plasta na za shaba, na hizo zimetapakaa kila mahali. Sanamu aliyoifanya kwa mikono yake, ile iliyotumika kupimia jiwe, hakuna aliyejua iliko.

Na ilikuwa plasta ya mtu mchafu, nawaambieni. Plasta nzuri huwa na vyuma na magunia ndani ya kuishikilia. Courvillac alitia alichokiona karibu. Katika vipande vyake vingine nimekuta mpini wa ufagio, mguu wa kiti, soksi na kijiko cha supu. Mtu anayeficha kijiko ndani ya paja la farasi hana huruma na fundi atakayekuja nyuma yake.

Mwaka wangu wa pili, wakati wa baridi, sanduku kubwa liliteremshwa uani kwetu. Limetoka kwenye nyumba ya familia moja iliyokuwa inahama. Miss Pask alifungua kifuniko mwenyewe, akachungulia kwa tochi, na nikamwona anatabasamu, jambo ambalo halikuwa la kila wiki. Hakuniambia aliona nini. Alasiri hiyohiyo akapata simu kwamba mama yake, huko kaskazini, ameanguka ngazi. Akachukua koti. Pale mlangoni akageuka.

"Vumbi tu, Salum. Brashi ya manyoya. Kingine usiguse mpaka nirudi."

Alikaa wiki sita. Kadi ya kazi, ile inayoandikwa hali ya sanamu ilivyofika, alikuwa aijaze kesho yake. Hakuijaza. Hilo ndilo kosa lake pekee katika habari hii, na alilipata kwa kumkimbilia mama yake.

Nikamtoa farasi kwenye sanduku, nikampiga brashi siku mbili, vumbi likaisha. Chini ya vumbi alikuwa na rangi ya chai, na mwili mzima, shingoni, mbavuni, mapajani, umejaa misalaba midogo ya penseli, kila mmoja mdogo kuliko kucha. Nami nikaona nini? Nikaona uchafu. Nikadhani watoto wa ile familia walimchezea. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, najua kazi ya mate, nina wiki sita peke yangu, na nilitaka Miss Pask arudi akute farasi mweupe aseme "Salum, hii umeifanya wewe?" Nikazungusha pamba.

Ramadhani ikaingia. Hapo sasa. Mate ya mtu aliyefunga ni machache na mazito, na kazi ya saa moja inachukua nne. Nilimuuliza Ami Nassor kama kutoa mate kwenye pamba kunaharibu saumu. Akanijibu kwamba yeye amesoma Kurani, hakusoma farasi. Nikajikaza kisabuni. Nilikuwa nikifikiria ndimu ili mate yatoke. Msalaba mmoja baada ya mwingine, siku ishirini na tisa za kufunga, nilifuta kwa subira na kwa unadhifu ambao sijawahi kuurudia tena maishani. Kazi ile ilikuwa nzuri, na mpaka leo jambo hilo linaniudhi.

Siku ya mwisho kabla ya Idi ilibaki sehemu ya tumbo. Farasi ameanguka, kwa hiyo tumbo lake liko vidole vinne tu juu ya kitako cha sanamu. Kupafikia hapo lazima ulale sakafuni na kioo kidogo cha daktari wa meno. Nilikuwa na njaa, na kanzu ya Idi ilikuwa bado haijapigwa pasi. Nikajiambia nani atalala chini kuangalia tumbo la farasi? Nikachukua kadi tupu, nikaandika: "Mwili wote umesafishwa. Brashi." Nikatia sahihi.

Miss Pask aliporudi alisimama mbele ya farasi, koti hajavua. Akavaa miwani, akaivua, akaivaa. Akazunguka mara mbili.

"Umetumia nini?"

"Brashi, Miss Pask."

"Brashi tu?"

"Brashi tu."

"Hapa kulikuwa na alama," akasema, akigusa hewa karibu na bega la farasi.

"Alama gani?" nikauliza. Sikujua zilikuwa nini, lakini nilijua vizuri sana zilikuwa wapi.

Nikajua maana yake baada ya miezi michache, katika kikao cha wataalamu waliokuja kuamua kama farasi ni wa mkono wa Courvillac au ni moja ya nakala za mkewe. Miss Pask alieleza kwa sauti yake ya kufundishia. Mafundi wa mawe wanapokuza sanamu ndogo ya plasta kuwa kubwa ya jiwe, huweka alama za penseli juu ya plasta, halafu hupima kwa bikari kutoka alama hadi alama. Nakala zilizotolewa baadaye kwenye kalibu ya kumiminia plasta hazina penseli, maana hakuna aliyezipimia. Farasi huyu, akasema, alikuwa na misalaba zaidi ya mia. Aliiona kwa macho yake siku sanduku lilipofunguliwa. Kwa hiyo huyu ndiye mwenyewe.

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango.

"Misalaba iko wapi sasa?" mwenyekiti akauliza.

"Sijui," akasema Miss Pask.

Wakaisoma kadi. Wakaniita mbele.

"Wewe ndiye uliyemsafisha. Uliiona misalaba hiyo?"

Miss Pask alinitazama. Hakunitazama kwa kunishuku. Alinitazama kama unavyomtazama shahidi wako. Mimi nikawaona mama na wadogo zangu, nikaziona fomu ambazo zilikuwa tayari zimekwisha kupelekwa zikiwa na muhuri wa makumbusho, na nikafikiri nikisema kweli nitafukuzwa kabla ya chakula cha mchana.

"Hapana, bwana," nikasema. "Sikuona kitu."

Wakaandika "nakala." Farasi akapelekwa rafu ya mwisho ya ghala. Mtaalamu mmoja, mtu mwenye tai ya vipepeo, alimpigapiga Miss Pask begani akamwambia safari ndefu huchosha macho. Nilitaka kumvunja vidole. Alikuwa na haki gani ya kumwonea huruma, na mimi nilikuwa na haki gani ya kukasirika? Nimemkasirikia yule mtu miaka arobaini kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujikasirikia mwenyewe.

Miss Pask alibaki kiasi cha mwaka mmoja. Alianza kuniuliza mambo ambayo alikuwa hajawahi kuniuliza. "Salum, huu ufa unauona? Au ni kivuli?" Nilidhani ananipima. Kisha akaacha, akasema anakwenda kufundisha watu wazima ufinyanzi, na karakana ikabaki kwangu. Mama akaja na wadogo zangu. Nikaoa. Hayo hamkuyauliza.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi na ya kugombana. Nimegombana na wataalamu waliotaka kila sanamu iwe nyeupe kama sahani, na wengine waliotaka uchafu ubaki kwa sababu ni historia. Niliwahi kubishana siku nne na mtu mmoja juu ya doa kwenye goti la malaika, yeye akiliandikia makala kwamba ni rangi ya kale, mpaka nikamwonyesha kwamba ni mchuzi wa mchana wa mlinzi. Siku hizi wanakuja vijana wenye kamera zinazoona kila kitu. Wanapiga picha mia mbili halafu hawaangalii hata moja. Nimewafundisha wengi. Wote niliwaambia kadi isidanganye, na wote waliniona mzee msumbufu. Hakuna aliyejua kwa nini nilikuwa nikipandisha sauti.

Mke wangu Zuhura peke yake nilimweleza, mwaka wa kumi wa ndoa, tukiwa kwenye mkahawa wa Edgware Road tunamngoja binamu yake kutoka Maskati.

"Na huyo bibi yuko hai?" akauliza.

"Yuko."

"Basi si ukamwambie?"

"Mambo yameshapita."

"Yameshapita na kila ukilala unanung'unika farasi? Umenioa mimi au umemwoa Mfaransa?"

Nikamwambia anywe kahawa yake.

Mwaka jana, nikiwa nimebakiwa na miezi minane, ikaja orodha ya vitu vya kupunguzwa ghalani. Mtaalamu wetu mpya, kijana mwerevu anayeitwa Julian, aliiandaa kwa makini. Mstari wa thelathini na kitu: farasi wa plasta, nakala, apewe chuo cha maigizo wamtumie jukwaani. Nilikaa na karatasi ile mkononi nikaona watakavyompaka rangi na kumpigilia misumari, na wanafunzi watakavyomkalia wakila chipsi. Nilikwenda nyumbani nikawafokea watu wote. Nilimfokea mpaka kasisi aliyepiga hodi kimakosa.

"Baba, just tell them," akasema binti yangu Rukia, ambaye mama yake alikuwa keshampasha habari zote. Amezaliwa hapa, anaelewa kila unachomsema kwa Kiswahili, na anakujibu kwa Kiingereza kana kwamba wewe ndiye mgeni.

"Umesikia?" Zuhura akasema. "Basi hilo halina haja ya kufasiriwa."

Kikao kilikuwa Jumanne. Nikasimama, nikasema mimi nilifuta misalaba kwa mate, nikaandika brashi, na nilipoulizwa nikadanganya, na Miss Pask alisema kweli. Mwenyekiti wa sasa, mama mmoja mpole, akaniuliza kama nataka maji. Nikasema sitaki maji, nataka taa, kioo cha meno na watu wawili wa kunisaidia kuinuka nikishalala.

Ndugu zangu, miaka yote ile nilikuwa sijawahi kuangalia chini ya tumbo lile. Nilijua nimeliruka, lakini sikuthubutu. Vipi kama hakuna kitu? Basi nimemtia mtu aibu na hata ushahidi sina. Nikalala sakafuni, miaka sitini na tano, magoti yanalia, nikaingiza kioo. Ikaonekana yenyewe, karibu na mbavu ya mwisho: msalaba, msalaba, na mwingine nyuma kidogo kushoto. Nilianza kulia palepale chini, na kwa kuwa nilikuwa nimelala chali machozi yakaniingia masikioni.

Julian alilala ubavuni mwangu na suti yake. Aliangalia, halafu akasema penseli ikikandamizwa huacha mikwaruzo, na mikwaruzo ya namna ile inaweza kuhama kwenye kalibu, kwa hiyo hata nakala inaweza kuwa nayo. Nilimkasirikia, na alikuwa amesema sawasawa. Tukaleta lenzi. Ndani ya mikwaruzo kulikuwa na penseli yenyewe, inang'aa. Kalibu haihamishi penseli. Kisha tukazima taa za juu, tukaweka moja pembeni, chini kabisa, mwanga ukipita juu ya ubavu wa farasi, na ile mingine yote niliyoifuta ikatokea, mikwaruzo mitupu isiyo na penseli, mia na zaidi, shingoni, begani, pajani. Nilichokifanya kwa bidii ndicho kilichomharibu, na nilichokikwepa kwa uvivu ndicho kilichomwokoa. Msinitake niwatolee somo hapo, maana silioni.

Farasi akaondolewa kwenye orodha. Watu walinipa mkono, jambo lililonikera zaidi. Nikaomba anwani ya Miss Pask.

Alikuwa katika nyumba ya wazee Thornton Heath. Mlangoni nilipokewa na muuguzi wa Kikenya, dada Mwikali, aliyesikia jina langu akageuza lugha papo hapo.

"Karibu mzee. Leo ako na nguvu. Lakini usimchokoze, huyu mama akikasirika anatupa kikombe."

Miss Pask alikuwa amekaa dirishani, amekuwa mdogo. "Salum," akasema. "Umezeeka vibaya." Niliweka boksi la biskuti mezani, nikamweleza kila kitu, nikiwa nimesimama. Hakunikatiza.

"Nilikwenda kwa daktari wa macho," akasema. "Mara mbili. Wakaniambia macho ni mazima. Basi nikajua ni kichwa. Mama yangu alianza hivyohivyo, kuona vitu. Niliogopa nitaharibu sanamu ya mtu. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, Salum. Niliacha kazi kwa sababu niliona misalaba ambayo haikuwepo."

Mimi miaka yote nilidhani aliacha kwa aibu, au kwa hasira. Sikujua kwamba nilimwibia imani ya macho yake mwenyewe. Nilifungua mdomo kuomba radhi.

"Toka," akasema.

Nikatoka. Mwikali alinisindikiza hadi kituo cha basi. Zuhura alipika, sikula.

Zikapita siku tisa, simu ikalia. "Mzee, ni Mwikali. Anasema uje na gari, na asipewe biskuti tena. Anataka kuona huyo farasi. Na mimi nakuja, lazima kuwe na mtu wa kusukuma kiti."

Tulimteremsha kwa lifti ya mizigo. Julian alikuwa ameandaa taa, na kioo kilichofungwa kwenye fimbo ndefu ili asiiname. Miss Pask alinyang'anya fimbo, akaiingiza mwenyewe chini ya tumbo.

"Wa tatu uko nyuma kidogo—" nikaanza.

"Nauona. Usinielekeze."

Aliangalia mpaka Mwikali akabadilisha mguu wa kusimamia. Hakulia, hakutabasamu. Akasema, "Kadi iko wapi?"

Nikampa. Akasoma mwandiko wangu wa ujana, akanirudishia. "Andika."

Nikaandika chini yake kwamba misalaba ya penseli ilifutwa kwa mate, tumbo halikusafishwa.

"Na nani?"

"Na mimi."

"'Mimi' si jina la mtu."

Nikaandika jina langu lote, na la baba, na la babu.

"Bado," akasema. "Andika nilichokiona."

Nikaandika. Akaichukua kadi, akaisogeza karibu na uso bila miwani, akakaa nayo. Kisha hakunipa mimi. Alimnyooshea Julian, aliyekuwa amesimama karibu na mlango.

"Soma kwa sauti."

Julian akakohoa kidogo. "Misalaba ilikuwepo siku sanduku lilipofunguliwa," akasoma. "Doreen Pask aliiona."

"Tena," akasema Miss Pask.